Miradi ya KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu) inakuja na kuondoka: kabatini kwetu kumebaki mabegi, darasani kumebaki nini?

MwalimuWaChaki (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Nafundisha darasa la kwanza mkoani Tabora tangu 2011. Uzi huu nimeuandika vipande vipande kwa siku tatu, kwa hiyo mkiona unarukaruka mnivumilie.

Wiki iliyopita mchwa waliingia stoo ya shule, ikabidi tutoe kila kitu nje. Nikaanza na kabati la darasa la kwanza. Begi la kitambaa lenye nembo. Begi jingine lenye nembo nyingine. Fulana mbili, kofia, chati ya irabu iliyoliwa pembe, moduli tano ambazo mbili hata plastiki hazijatolewa. Nilipovipanga juu ya meza pakawa kama banda la Sabasaba, wahisani wote waliopita hapa wamewakilishwa. Nikajiuliza: katika hivi vyote, kipi nakitumia Jumatatu asubuhi nikiingia kwa watoto tisini? Nikatafuta, nikaona kitu chenyewe hakimo kabatini. Nitakuja nacho.

Kwa wasiojua tulikotoka: ripoti ya kwanza ya Uwezo Tanzania, utafiti unaowapima watoto kusoma na kuhesabu, 2010, ilionyesha kwamba chini ya thuluthi moja ya watoto wa darasa la tatu ndio walioweza kusoma hadithi ya Kiswahili ya kiwango cha darasa la pili. Kiswahili, si Kiingereza. Hapo ndipo kila mtu akashtuka. Ikaja Matokeo Makubwa Sasa ya serikali, ikaja LANES, mpango wa KKK kwa fedha za GPE, ushirika wa kimataifa wa kufadhili elimu, huku kwetu ukaja mradi wa EQUIP-Tanzania wa Waingereza mwaka 2014, ukaja mtaala mpya wa KKK wa darasa la kwanza na la pili 2015. Halafu Januari 2016 elimu bila malipo ikaanza, na darasa langu likawa na watoto 143. Wengine walikuwa wanakaa sakafuni mpaka chini ya ubao, nikiandika vumbi la chaki linawashukia kichwani.

Sasa kitu chenyewe. Katika utaratibu wa mafunzo ya shuleni tulitakiwa tutembeleane darasani. Siku yangu ilipofika akaja mwenzangu wa darasa la pili, akakaa dawati la mwisho, magoti karibu yaguse kidevu. Mimi nimepamba moto. "Ba!" Darasa: "Ba!" "Be!" "Be!" Bati linatikisika. Nikajua leo nimefundisha hasa.

Kipindi kilipoisha akanionyesha daftari lake. Alikuwa amechora madawati yote kama viboksi, na kila mtoto aliyesoma peke yake, bila kuitikia na wenzake, kamwekea kijiti. Vijiti 11. Vyote madawati ya mbele, upande wa dirishani. Upande wa mlangoni hapakuwa na hata kimoja. Hakusema neno. Akamwita mtoto mmoja wa upande wa mlangoni, akamfungulia kitabu, soma. Mtoto akasoma ukurasa mzima, kama maji. Mwenzangu akafunika mstari na kiganja, akabakiza neno la mwisho peke yake, akamwambia hili ni nini? Mtoto akaanza upya: "Baba ana..." Alikuwa ameshika wimbo. Herufi hajui.

Wakuu, nililia siku ile. Sikulia mbele yake, lakini nililia. Nilikuwa nimeshahudhuria semina nne za kusoma na kuandika, cheti ninacho, na hakuna mwezeshaji hata mmoja aliyewahi kuniambia hivyo, kwa sababu hakuna aliyewahi kuniona nikifundisha.

Tangu siku hiyo nina daftari la viboksi. Ndicho kitu pekee kilichobaki. Hakina nembo, kinauzwa dukani shilingi mia kadhaa. Lakini nisiwe mwongo: mwenzangu asingekuja kukaa nyuma ya darasa langu bila mradi. Ratiba ilikuwepo, moduli zilikuwepo, na Afisa Elimu Kata alikuwa anapita kuuliza nani kamtembelea nani. EQUIP ilipofika mwisho 2020, kutembeleana shuleni kwetu hakukumaliza mihula miwili. Waingereza wakaja na mradi mwingine, Shule Bora, mikoa tisa: Dodoma, Katavi, Kigoma, Mara, Pwani, Rukwa, Simiyu, Singida, Tanga. Tabora hatumo, Shinyanga hawamo, Lindi hawamo. Tulikuwemo kwenye ule wa kwanza, ramani ikahama.

Swali langu: huko mliko, mfadhili alipoondoka kilibaki nini kinachofanya kazi bila yeye? Sitaki majengo. Nataka kujua kuhusu mwalimu na mtoto anayejifunza kusoma.

---

KijiweChaKahawa

Mwalimu umeongea mengi lakini jibu ni fupi. Pesa inaishia kwenye magari na hoteli za Morogoro na Dodoma. Nasubiri watetezi.

---

Mstaafu_wa_Miradi

Mtetezi nimefika. Nimefanya kazi kwenye miradi ya elimu miaka tisa, sitataja upi, na nasema hivi: magari yapo, hoteli zipo, lakini tatizo kubwa si wizi. Ingekuwa wizi ingekuwa rahisi, tungekamatana.

Tatizo ni mafunzo ya ngazi kwa ngazi. Wataalamu wanafundisha wawezeshaji wa kitaifa siku kumi. Hao wanafundisha wa mkoa siku saba. Wa mkoa wanafundisha wa halmashauri siku tano. Mwalimu wa darasa la kwanza anapata siku tatu, na moja kati ya hizo ni ya kujiandikisha, kufungua na kusubiri mgeni rasmi. Ni chai iliyozimuliwa mara tatu, mwishoni unakunywa maji ya moto yenye rangi. Na kila ngazi ina posho yake ya kujikimu, kwa hiyo kila ngazi ina watetezi wake. Jaribu kupendekeza kwamba mafunzo yafanyike shuleni Alhamisi alasiri bila posho, uone utakavyochukiwa. Na walimu wenyewe ndio wa kwanza, dada MwalimuWaChaki, tusifichane.

Halafu kuna jinsi tunavyoandika ripoti. "Walimu 4,000 wamepata mafunzo" unaihesabu kwenye karatasi za mahudhurio, imekwisha. "Watoto wa upande wa mlangoni wanasoma" utaihesabuje? Lazima umtume mtu akakae na mtoto mmoja mmoja, dakika kumi na tano kila mtoto, kwa shule mia mbili. Hiyo ni gharama, na mfadhili anataka ripoti ya robo mwaka.

Mfano ninaopenda kuutoa ni pikipiki. Mwaka 2018 Maafisa Elimu Kata nchi nzima walipewa pikipiki kwa fedha za LANES. Wazo zuri kabisa, mtu wa kata ndiye aliye karibu na darasa. LANES nzima ilikuwa kama dola milioni 94.8, kwa hiyo pesa ya pikipiki ilikuwepo. Sasa pita kwenye kata uulize mafuta yanatoka bajeti gani, na tairi la nyuma likiisha nani ananunua. Zipo kata ambapo pikipiki inafanya kazi nzuri. Zipo ambapo imefunikwa turubai, kuku wanatagia.

---

MamaWawili_Nzega

Samahani wakubwa, mimi si mwalimu. Mwanangu yupo darasa la pili, nyumbani tunaongea Kisukuma kwa sababu bibi yake ndiye anayekaa naye. Herufi anazijua zote, nimempima. Lakini akiziunganisha anabaki kuguna. Nimlipie tuisheni?

---

MwalimuWaChaki

@MamaWawili_Nzega usilipe tuisheni kwanza, mama. Kama herufi anazijua na kuunganisha kunamshinda, mara nyingi anajua majina ya herufi lakini hajui sauti zake. Akiona "m" anasema "em" au "ma", kwa hiyo "mtoto" linakuwa mlima. Kata vizibo vya soda, andika silabi kwa kalamu ya wino mzito: ma, me, mi, ta, to, ku. Mpe viwili, aviweke pamoja, asome. Ageuze, asome tena: "tama", "mata", hata kama haina maana, ndiyo dawa ya kukariri. Dakika kumi kwa siku zinatosha, akichoka acheni.

Na Kisukuma si kosa. Ila mtoto akisoma "kabati" wakati hajawahi kulisikia neno hilo, hata akilisoma sawasawa hatajua kama amepatia. Bibi amsimulie kwa Kisukuma, wewe umwambie kwa Kiswahili majina ya vitu vya ndani. Maneno kwanza, kitabu baadaye.

@Mstaafu_wa_Miradi hilo la posho nakubali, limenichoma lakini ni kweli. Ila niambie, mwalimu anayedai uhamisho wake haujalipwa miaka mitatu, ile posho ya semina kwake si anasa. Ndiyo ada ya mtoto wake.

---

Wa_Kakamega

Hamjambo majirani. Huku Kenya tulikuwa na mradi wa kusoma, Tusome, fedha za USAID ya Marekani na Waingereza, ikaingia shule zote za msingi za umma kuanzia 2015, kwanza darasa la kwanza na la pili. Nilikuwa mwalimu wa darasa la pili wakati huo. Kabla yake kulikuwa na majaribio, PRIMR, kwa hiyo haikuanza hewani.

Naomba niseme kilichokuwa tofauti na hicho mnachokieleza. Kwanza vitabu: kila mtoto chake. Si kimoja kwa watoto watano. Mtoto anaweka kidole kwenye neno lake mwenyewe. Pili mwongozo wa mwalimu, somo kwa somo. Wengi tulinung'unika kwamba tunafanywa kama watoto, tunaambiwa hadi la kusema. Mimi nilinung'unika pia. Lakini baada ya muhula mmoja nikaona kwamba nilikuwa napoteza robo ya kipindi nikiandika ubaoni, na sasa robo hiyo watoto wanasoma.

Tatu, na hili ndilo la mwanzisha uzi: wale maafisa wa mtaala wa kata, zamani tukiwaita TAC, walipewa tableti. Anakuja darasani, anaketi, anaita watoto watatu anawapima kusoma, tableti inapiga hesabu, halafu mnazungumza. Na nauli yake ilikuwa inarudishwa kulingana na ziara alizofanya, tableti ikithibitisha mahali alipokuwa. Kwa hiyo swali lenu la mafuta ya pikipiki, sisi tulilijibu hivyo: hakuna ziara, hakuna nauli. Afisa wetu ambaye tulikuwa tunamwona mara moja kwa mwaka akaanza kuja kila mwezi, mpaka tukamchoka, ha ha.

Sisemi ilikuwa pepo. Lakini ziara iliwekewa pesa yake kama vile kitabu kilivyowekewa.

---

HesabuHazidanganyi

Naona hapa mnazunguka. Ushahidi tunao hapahapa nyumbani. KiuFunza, majaribio ya shirika la Twaweza, 2013 na 2014, shule 350 katika wilaya kumi, zilizopangwa kwa kura. Shule 70 zilipewa ruzuku ya shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi, pesa taslimu, ifike kweli. Shule 70 nyingine walimu waliahidiwa bonasi: shilingi 5,000 kwa kila mtoto anayefaulu kila somo, Kiswahili, Kiingereza na Hisabati, darasa la kwanza hadi la tatu, na mwalimu mkuu 1,000. Shule 70 zilipata vyote viwili. Zilizobaki 140 hazikupata kitu, za kulinganishia.

Matokeo yalichapishwa 2019 kwenye jarida kubwa la uchumi la Marekani. Ruzuku peke yake: alama za watoto hazikupanda. Bonasi peke yake: matokeo ya kuchanganya. Vyote pamoja: zilipanda, na zilipanda kuliko ukijumlisha kimoja kimoja. Kwa hiyo mfadhili anayenunua vitabu bila kumpa mwalimu sababu ya kuvifungua anajaza kabati la mchwa. Mwalimu amesema mwenyewe.

---

KijiweChaKahawa

Kwa hiyo mwalimu anayelipwa mshahara alipwe tena ndipo afundishe? Polisi naye alipwe kwa kila mwizi?

---

MwalimuWaChaki

@HesabuHazidanganyi nakubaliana na takwimu zako, ila sikubaliani na ulipoishia. Elfu tano isingenionyesha vijiti 11. Ningehangaika zaidi, ningepiga kelele zaidi, ningechelewa kutoka, lakini ningeendelea kuwasomesha wale wale wa dirishani, tena kwa bidii, maana hao ndio watakaofaulu upesi. Bonasi inamfaa mwalimu anayejua la kufanya na hafanyi. Mimi nilikuwa nafanya na sijui.

Wapo wa aina zote mbili kwenye shule moja, tena wakati mwingine ni mtu mmoja, Jumatatu hivi na Ijumaa vile. Ndiyo maana naona matokeo yenu ya "vyote pamoja" yananisaidia mimi kuliko yanavyokusaidia wewe 😀

---

Songea_Mjini

Huku Ruvuma tulikuwa na Tusome Pamoja kuanzia 2016, halafu Jifunze Uelewe, vyote vya USAID: Ruvuma, Iringa, Morogoro, Mtwara na Zanzibar. Mnakumbuka Januari 2025, amri ilipotoka Washington ya kusimamisha misaada. Sikuwa mtumishi wa mradi, ni mwalimu tu, lakini niliona jinsi jambo linavyoweza kukatika. Ilikuwa kama umeme. Leo mtu yupo kwenye kundi la WhatsApp anakumbusha kikao, kesho kundi kimya. Hakuna hafla ya kukabidhi, hakuna kuagana. Kufika Julai hiyo USAID yenyewe ikawa haipo tena. Na Waingereza nao wametangaza kupunguza misaada mpaka asilimia 0.3 ya pato lao ifikapo 2027, kwa hiyo walio kwenye Shule Bora msilale.

Kilichobaki? Shuleni kwetu vikao vya walimu wa darasa la kwanza hadi la pili vinaendelea, kila baada ya wiki mbili. Sababu yake ni ndogo mno, naona hata aibu kuisema: mwalimu wetu mkuu alikuwa ameviingiza kwenye ratiba ya shule, ile iliyobandikwa ukutani, pamoja na usafi na michezo. Shule jirani vilikuwa kwenye ratiba ya mradi. Mradi ulipoondoka, viliondoka na ratiba yake.

---

Mtaaluma77

Hapo ndipo MEWAKA inapoingia, wakuu, mbona hamuitaji? Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, utaratibu wa serikali yenyewe kupitia TET, Taasisi ya Elimu Tanzania. Jumuiya za kujifunza shuleni, walimu wakae wenyewe wajadili ugumu wa somo, moduli zipo mtandaoni na vishikwambi tulipewa baada ya Sensa ya 2022. Sehemu ya fedha inatoka BOOST, mpango wa elimu unaogharamiwa na Benki ya Dunia, dola milioni 500.

Na hapo niwasahihishe wale wa "wafadhili wafadhili". BOOST ni mkopo. Watoto hao hao wa darasa la kwanza ndio watakaoulipa. Ukilijua hilo, swali la "mfadhili akiondoka" linabadilika. Huyu haondoki, atarudi kudai.

---

Mstaafu_wa_Miradi

@Mtaaluma77 MEWAKA nimeisoma na muundo wake ndio sahihi, shule kwanza. Lakini nikuulize kwa nia njema: kwenye kikao chenu cha mwisho mlizungumza nini? Maana nimehudhuria vingi ambapo saa nzima imekwenda kwenye kujaza fomu kwamba kikao kimefanyika.

---

Mtaaluma77

Tulijaza fomu. 😅 Sawa, umenipata. Lakini kile cha kabla yake tulizungumzia "ng'" na "ng", watoto wanaandika "ngombe". Kilikuwa kikao kizuri.

---

MpendaVitabu_DSM

Naingia kwa upande wa vitabu maana naona vinatukanwa. Mtoto akishajua kuunganisha silabi anahitaji kitu cha kusoma, si ukurasa ule ule wa kiada aliokwisha kuushika wimbo. Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania ulianza 1991 na CODE ya Canada kwa sababu hadithi za Kiswahili za watoto zilikuwa chache mno madukani. Nao walijifunza mapema kwamba kitabu bila mwalimu aliyefundishwa kukitumia hakitembei, wakaongeza mafunzo ya walimu.

Ila vitabu vinafungiwa, hilo ni kweli. Nilisaidia kupeleka makasha ya hadithi kwenye shule moja, nikarudi mwaka uliofuata, vitabu vipya kabisa, vinanukia kiwandani. Mwalimu mkuu akanieleza bila kuficha: "Mkaguzi akija akakuta vimechakaa au vimepungua, nitajibu mimi. Akikuta vipo vizima, nasifiwa." Sikuwa na la kumwambia. Tulikuwa tumempa dhamana na hatukumpa ruhusa ya kupoteza. Safari iliyofuata tuliandika kwenye hati ya makabidhiano kwamba vikichanika au kupotea mpaka robo moja kwa mwaka ni matumizi ya kawaida. Mstari mmoja tu. Kabati likafunguka.

---

MwalimuWaChaki

Huo mstari wa robo moja nauiba leo hii, namwandikia mwalimu mkuu wetu.

Naona majibu yenu yanafanana ingawa mnagombana. Nauli ya afisa wa Kakamega, kikao kwenye ratiba ya ukutani Songea, mstari kwenye hati ya makabidhiano. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachoweza kuzinduliwa kwa kukata utepe, na nadhani ndiyo sababu mhisani hakioni. Akiniuliza mimi leo, nitamwambia punguza siku za semina, nipe mtu wa kukaa dawati la nyuma mara mbili kwa muhula kwa miaka mitano, na mafuta yake.

Tukisubiri hayo, mimi na yule wa darasa la pili tumekubaliana kuanza tena. Alhamisi yeye kwangu, Alhamisi inayofuata mimi kwake. Na shule ya ng'ambo ya reli wametusikia wanataka kujiunga, ni kilomita nne, tutatumia baiskeli.

---

MamaWawili_Nzega

Mwalimu, vizibo nimekata 30. Jana amesoma "kuku" mwenyewe, akakimbia kumwonyesha bibi kuku wa ukweli. Leo amekwama kwenye "mbuzi".

---

MwalimuWaChaki

😂 Hongera mama. "Mbuzi" mwache kwanza, "mb" inasubiri. Nenda "kaka", "dada", "bibi".

---

Songea_Mjini

@MwalimuWaChaki tupostie hiyo kurasa ya viboksi tuone unavyoichora, nataka kuipeleka kwenye kikao chetu cha wiki ijayo. Mtoto aliyesoma akakosea unamwekea alama gani?

---

MwalimuWaChaki

Aliyesoma akapatia, kijiti. Aliyejaribu akakosea, nukta, na nukta zinahesabiwa kama vijiti, maana amefungua mdomo. Boksi tupu ndilo la kuogopa. Kesho yake naanzia kwenye maboksi matupu. Picha nitaweka kesho mchana, sasa hivi umeme umekatika na simu ina asilimia sita.